Jumapili ndiyo siku ninayochoka kuliko zote

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Uyole hapa Mbeya. Kazi yangu ni viazi mviringo. Nanunua kwa wakulima wa Isyonje na vijiji vya huko juu, nachambua, nafungasha, napakia kwenda Dar es Salaam. Nina na fremu ndogo kando ya barabara ya Tukuyu, pale tunauza rejareja kwa sado na kwa ndoo. Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia na Kongo. Akitoka hatujui atarudi lini, foleni ya Tunduma ndiyo inayotupangia.

Nimelelewa katika nyumba ambayo Jumapili jembe halishikwi. Hata nguo hazifuliwi. Leo nina nyumba yangu na nashindwa kufanya hata nusu ya alichokuwa anafanya mama.

Ngoja nikueleze Jumapili yangu ilivyo. Naamka saa 11 alfajiri, napika chai na chapati, naandaa nguo za watoto. Niko kwaya, kwa hiyo ibada ya kwanza saa 1 lazima niwepo, na mara nyingi tunaimba hata ya pili. Ikiisha kuna mnada wa mazao ya sadaka, na ukiondoka kabla ya mnada unaonekana bahili. Kisha kikao cha kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni mhazini wake. Nikifika nyumbani ni saa 9 alasiri, fuso imeshaegeshwa. Mzigo wa Dar unapakiwa Jumapili jioni, ndivyo tulivyoukuta utaratibu. Nasimama na vijana wanaoshona magunia mpaka saa 3 usiku. Jumatatu naamka mwili wote unauma kama mtu aliyepigwa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana. Safu yetu imeshasimama, tunaenda mbele taratibu, simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba. Nikachungulia: dalali wa Dar. Mwalimu, nilitoka kwenye safu. Wenzangu wakaelekea madhabahuni, mimi nikaelekea mlangoni, nikasimama pale nje kwenye maua nikinong'ona. Alikuwa anauliza kama magunia ni 60 au 55. Niliporudi vyombo vimeshafunikwa na watu wanaimba wimbo wa mwisho. Pale sikulia. Nililia nyumbani.

Mzee wa kanisa aliniona. Jumatano akaja, akasema kwa upole lakini kwa mkazo kwamba navunja amri ya tatu, ile ya siku ya kupumzika, na kwamba hela ya Jumapili haikai. Jirani yangu wa fremu ni Msabato, yeye anasema hiyo ni amri ya nne na kwamba hata siku yenyewe nimeikosea. Anafunga Ijumaa jua likizama, anafungua Jumamosi jioni, halafu Jumapili nzima anauza! Ndiyo maana fremu siwezi kuifunga Jumapili, wateja wote watahamia kwake. Nikiwa kanisani dada wa nyumbani anakaa pale, kwa hiyo biashara haisimami.

Naomba unisaidie. Je, natenda dhambi? Naweza kuhamishia pumziko langu Jumanne, siku ambayo sina mzigo? Ada za Januari zinakuja na siwezi kuishi kwa maombi peke yake.

Mama wa Viazi, Uyole

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa uchovu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuona wewe pale kwenye maua na simu sikioni. Mara ya pili nikamwona mtu mwingine ambaye umemtaja kwa sentensi moja tu na kupita. Nitamfikia.

Kwanza tuondoe habari ya namba. Walutheri na Wakatoliki wanaihesabu kuwa amri ya tatu, Wasabato na Waprotestanti wengine wengi wanaiita ya nne. Amri ni ileile, hesabu tu ndiyo tofauti. Na ugomvi wa Jumamosi na Jumapili sitauingia. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba mmoja anaona siku moja ni bora kuliko nyingine na mwingine anaona zote sawasawa, kila mtu na athibitike katika akili yake. Hata Kiswahili chetu hakitasaidia. Kinaanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza. Ukiifuata hesabu hiyo, siku ya saba itakuangukia Ijumaa, na njiani utakutana na tano mbili, Jumatano na Alhamisi, wala sita hutaiona. Jirani yako mheshimu na siku yake. Nitamrudia pia, maana yeye ni msaada kwako kuliko unavyodhani.

Sasa simu. Meza ya Bwana itaandaliwa tena, nenda, usijitese. Ninachotaka ukiangalie ni kile alichouliza dalali: 60 au 55. Hilo ni swali la kungoja robo saa bila kiazi hata kimoja kuoza. Mpigaji wala hakukosa adabu. Amezoea kwamba ukipigiwa Jumapili saa 4 unapokea, na aliyemzoesha ni wewe. Jumamosi jioni mtumie ujumbe wenye idadi ya magunia, namba ya gari na saa ya kuondoka, kisha umwambie kesho simu inazimwa mpaka saa 10. Atanuna wiki mbili. Wiki ya tatu atakuwa anapiga Jumamosi.

Unauliza kama ni dhambi. Nitakupa kitu cha kupimia badala ya hukumu. Mwaka 321 Kaisari Konstantino alitoa amri kwamba mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili na karakana zifungwe. Wakulima akawaacha, kwa sababu siku nzuri ya kupanda nafaka au mizabibu ikipita haingoji. Bwana Yesu naye aliwauliza Mafarisayo ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja. Kwa hiyo kazi isiyongoja ipo. Ng'ombe wa maziwa kule Rungwe hajui leo ni siku gani, chuchu zikijaa anataka kukamuliwa, na anayemkamua Jumapili asubuhi kabla ya ibada sijawahi kumwona akikemewa na mzee wa kanisa.

Lakini kiazi si maziwa, mwanangu. Wewe unakijua kuliko mimi. Kiazi kilichokomaa, kikawekwa gizani penye hewa, kwa baridi hii ya Uyole, hakiharibiki kwa siku moja wala tatu. Adui yake ni jua, ndilo linalokigeuza kijani na kichungu. Basi nani aliyesema kipakiwe Jumapili? Unasema "ndivyo tulivyoukuta utaratibu". Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, gari linatembea usiku na mchana kulipambazukia soko. Likiondoka Jumapili usiku, linaliwahi soko la Jumanne alfajiri. Likiondoka Jumamosi jioni, linaliwahi la Jumatatu. Likipakiwa Jumatatu asubuhi, bado Jumatano ni yako. Sijasoma popote katika barua yako kwamba uliwahi kumwuliza dalali au mwenye fuso. Waulize. Huenda wakakwambia Jumapili nauli ni nafuu, hapo utajua bei halisi ya Jumapili yako na utaamua ukiwa na namba mkononi. Huenda pia wakakwambia hata wao wamechoka.

Nabii Amosi, sura ya 8, anawasema wafanyabiashara waliokuwa wamekaa kwenye sabato kwa miili tu, wanaulizana itaisha lini wauze nafaka, huku wakipunguza kipimo na kuongeza uzito wa mawe ya mizani. Kila nikiisoma nawakumbuka wakulima wa huko juu na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Amosi aliona kwamba asiyeweza kukaa siku moja bila kuuza ndiye huyohuyo ambaye gunia kwake halijai mpaka liwe na kichwa. Sikutuhumu. Nakuuliza tu magunia yako yanashonwa yakiwa na kimo gani.

Mama yako aliwezaje bila simu? Nitakwambia bibi yangu alivyoweza, nadhani hawakutofautiana sana. Bibi alizaliwa karibu na misheni ya Rungwe, pale Wamoravian walipofika mwaka 1891, na Jumapili kwake ilianza Jumamosi saa 6 mchana. Kuni zilipangwa jikoni mpaka usawa wa kiuno. Maji yalijazwa hadi kwenye sufuria za akiba. Jioni alichemsha ndizi na maharage kwenye chungu kikubwa, anafunika kwa majani ya mgomba, juu anaweka jiwe, na chungu kinalala kwenye jivu la moto. Jumapili mchana ilikuwa kuondoa jiwe tu. Sisi watoto tulikuwa tunapigania ule ukoko wa chini. Alikuwa akitusomea habari ya mana katika Kutoka 16, jinsi siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu, na ile iliyobaki haikunuka. Hakuwahi kutufafanulia, alikuwa anaonyesha chungu.

(Niseme na upande wa pili. Babu alipumzika Jumapili, na Jumamosi pia. Mzigo wote wa maandalizi ulikuwa wa bibi na wasichana. Kwa hiyo vijana wako, kama wapo wa kiume, wafundishe kujaza maji.)

Kwako maandalizi ni nini? Chapati za saa 11 alfajiri ziache. Kiporo cha wali na chai hakijamwua mtu. Nguo zipigwe pasi Jumamosi, magunia yahesabiwe Jumamosi, hela za vijana zilipwe Jumamosi. Jumamosi yako itakuwa nzito kweli, sikufichi.

Hapa ndipo wachungaji watakaponikasirikia. Nimehesabu Jumapili yako: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 9 alasiri hujawahi kukaa kwenye kiti chako, na viazi havijaanza. Ibada mbili, mnada, kamati. Hiyo ni kazi, na isitoshe haina posho. Kanisa linakukataza kufanya kazi Jumapili huku likikufanyisha kazi Jumapili, na mzee aliyekuja Jumatano hakuliona hilo, labda kwa sababu yeye mwenyewe ana vikao vitatu. Bwana alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Omba kamati ikutane Alhamisi jioni. Kama haiwezekani, achia uhazini mwaka huu. Imba ibada moja. Mnada, nunua mkungu wako au kuku wako mapema uondoke, na akuitaye bahili mkaribishe chakula. Mzee wa kanisa mshukuru kwa kuja, kwa dhati, kisha umwombe hilo la kamati alisemee yeye kwenye baraza. Neno lake litasikika kuliko lako.

Kuhusu Jumanne. Kwa wauguzi, askari na madereva kama mume wako, siku nyingine ni bora kuliko kukosa kabisa, na sidhani Mungu anawafungia mlango. Lakini kwako nina wasiwasi. Nilifundisha historia miaka mingi, na kila mwaka nilikuwa nasimulia darasani habari ya Wasovieti. Mwaka 1929 waliifuta Jumapili ili mashine zisilale. Wakawagawa wafanyakazi makundi matano, kila kundi na siku yake ya kupumzika. Mke akawa anapumzika leo, mume kesho, na rafiki yao keshokutwa. Watu walikuwa na siku ya kukaa bure na hawana wa kukaa naye. Baada ya kugeuzageuza, mwaka 1940 wakairudisha wiki ya siku saba na Jumapili yake. Jumanne watoto wako wako shule, mume yuko Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, kwaya hakuna. Utalala saa moja kisha utaamka uende Isyonje kuangalia viazi, nakufahamu bila kukuona. Mume akirudi Jumatano, mpeni jioni ile, fremu ifungwe saa 11, lakini hiyo iwe nyongeza.

Najua ninachosema. Kwa miaka zaidi ya 20 nilisahihisha madaftari Jumapili alasiri, nikiita hiyo "kukaa tu". Siku moja mwanangu mdogo alichora picha ya familia shuleni, na mimi kanichora bila uso, ni rundo la madaftari na mikono miwili. Nikacheka. Wiki iliyofuata nikasahihisha tena. Ilinichukua muda mrefu, kwa hiyo sitegemei wewe ubadilike kwa barua moja.

Sasa yule wa sentensi moja.

"Nikiwa kanisani dada wa nyumbani anakaa pale." Yeye kanisani anaenda lini? Jumatatu hadi Jumamosi yuko na watoto, chakula na nguo, nadhani. Jumapili yuko kwenye fremu. Amri hiyo imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni kwamba Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri, basi mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe. Wewe umekuwa ukijiuliza kama unaivunja pale ulipotoka kwenye safu kupokea simu. Mimi naona imekuwa ikivunjwa kwenye fremu, kila wiki, kimya kimya, na hakuna mzee wa kanisa aliyekuja Jumatano kuuliza.

Nchi nayo ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asizidi siku 6 na saa 45 za kawaida kwa wiki, na apate angalau saa 24 za pumziko kila wiki. Akikubali kufanya kazi katika pumziko hilo, kila saa inalipwa mara mbili. Dada wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Piga hesabu ya Jumapili zake za mwaka huu peke yake kwa malipo hayo, halafu linganisha na faida ya sado za Jumapili. Nafikiri fremu utaifunga mwenyewe bila mahubiri.

Na wateja watahamia kwa jirani, ndiyo. Wahamishe wewe. Kaa naye, mwambie: Jumapili mlango wangu umefungwa na wateja nitawaelekeza kwako, Jumamosi wewe ukifunga waelekeze kwangu. Andikeni vibao viwili vya kadibodi, "Leo nenda kwa jirani", kila mmoja atundike siku yake. Yeye amefunga Jumamosi miaka yote hiyo, siku ambayo soko limechangamka, na bado fremu yake ipo. Mwulize alifanyaje mwaka wa kwanza. Atakueleza vizuri kuliko mimi.

Jaribu Jumapili nane, uandike mapato ya kila wiki, siyo ya Jumapili peke yake, tuone kabla ya ada za Januari. Usianze na yote. Wiki hii anza na simu na dada. Mpe nauli na Jumapili nzima, na umwulize leo hii anataka kwenda wapi, ajiandae.

Mwalimu